Kabla hamjasaini mkataba wa mfumo, ulizeni umejengwa juu ya nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wajumbe wa bodi za SACCOS (vyama vya akiba na mikopo), AMCOS (vyama vya ushirika wa mazao), shule na zahanati za Moshi na vijiji vya jirani, hasa wale ambao mezani kwao kuna pendekezo la mfumo wa kompyuta linalosubiri saini. Bei mtaijadili wenyewe, na rangi za skrini pia. Mimi nawaomba msimame kwenye mstari mmoja ambao wajumbe huuruka wakidhani ni wa mafundi peke yao: ule unaotaja fremuweki. Mzabuni mmoja ataandika Laravel, mwingine Django, wa tatu ataandika "teknolojia tuliyoibuni wenyewe", wa nne hataandika kitu. Mstari huo ndio utakaoamua kama mwaka wa nne, aliyeuandika mfumo akiwa ameshahamia Dodoma, mtapata mtu wa kuushika.

Fremuweki ni msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ulioandikwa tayari ambao mtengeneza programu anaanzia hapo. Unapokea ombi la mtumiaji, unahakiki anayeingia, unaongea na kanzidata (ghala la kumbukumbu za mfumo), unarudisha ukurasa. Mambo yenu, yaani hisa, mikopo, kilo za kahawa na ada, hukaa juu yake. Inapatikana kwa njia tatu. Kuna inayokuja na lugha au jukwaa lenyewe, kama vifaa vya Android kutoka Google, au maktaba zilizomo ndani ya PHP, Python na Go. Kuna ya watu wengine, inayopakuliwa na kuongezwa: Laravel, Django, Spring, CodeIgniter, Flutter. Na kuna ya kujiandikia.

Naanza na hii ya kujiandikia kwa kuwa ndiyo inayouzwa kwa maneno matamu. Husemwa kwamba vijana wetu wana akili, kwa nini wategemee kazi ya wageni? Akili wanayo, sibishi. Lakini hakuna fundi wa nyumba pale Pasua anayefua kufuli lake mwenyewe. Ananunua dukani, akili yake anaiweka kwenye msingi na paa. Tena hizi fremuweki kubwa ziko wazi, kijana wa Rau anaweza kuzisoma zote na kupeleka marekebisho yake yakaingia. Django (hili Mhariri utalipenda) ilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Laravel ilitoka 2011. Miaka yote hiyo watu wamekuwa wakizishambulia, mashimo yakaonekana, yakazibwa. Fremuweki iliyoandikwa mwaka jana na watu wawili haijapita huko.

Ubaya ni kwamba kinachokosekana hakionekani siku ya maonyesho. Kurasa zinafunguka, ripoti inachapwa, wajumbe wanaridhika. Chini yake ombi la kanzidata limeungwa kwa kubandika maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata. Mtu anaandika alama ya nukuu na maneno machache kwenye kisanduku cha namba ya mwanachama, na kanzidata badala ya kutafuta inatii amri yake. Au fomu haina alama ya siri ya kikao: karani akiwa ndani ya mfumo anafungua kiungo alichotumiwa, na ukurasa wa nje unaweza kutuma fomu ya kuidhinisha mkopo kwa jina lake, kwa sababu kivinjari kinaweza kubeba kuki za kikao, yaani kitambulisho cha aliyeingia, bila kuuliza. Au mfumo unapokea picha ya kitambulisho pasipo kukagua aina ya faili. Mtu anapandisha faili la .php kwenye folda ya picha, analifungua kwa kivinjari, na seva (kompyuta inayobeba mfumo) inalitekeleza kama msimbo wake halali.

Laravel na Django zinakinga mawili ya kwanza bila kuombwa, mradi mtengenezaji atumie njia zake za kawaida na asizime ulinzi. Na wapo wanaouzima. Fomu ikikataliwa kwa kosa namba 419 kwenye Laravel, au 403 kwenye Django, kinachotakiwa kwa kawaida ni kuweka alama ya siri ndani ya fomu, kazi ya mstari mmoja. Mwenye haraka huondoa ukaguzi kwenye kurasa zote, kosa linapotea, na mlango unabaki wazi. Kwa hiyo jina zuri la fremuweki kwenye pendekezo peke yake halitoshi.

Vifaa vinavyokuja na lugha yenyewe watu huvidharau bure. Kwa nywila, PHP ina amri ya password_hash, inayoigeuza nywila isisomeke, tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013. Inatia yenyewe chumvi ya nasibu, yaani herufi za kubahatisha zinazofanya nywila mbili zinazofanana zihifadhiwe tofauti, na haina haja ya pakeji yoyote (kipande cha msimbo cha kupakua). Kwa kanzidata, kiunganishi chake cha PDO kimo tangu toleo la 5.1 la 2005, na kikitumiwa inavyotakiwa kinatenganisha sentensi ya SQL na maneno ya mtumiaji. Go ina seva ya wavuti ndani yake inayoweza kubeba kazi halisi, na tangu toleo la 1.22 la Februari 2024 inachambua njia za kurasa vizuri kiasi kwamba mfumo mdogo hauhitaji fremuweki ya nje. Kwa huduma yenye kurasa tano, kwa mfano kupokea taarifa za malipo na kuzituma kwa SMS, hapo ndipo ningeishia. Pakeji zikiwa chache, cha kusasisha nacho ni kichache.

Ila msidanganyike kwamba cha ndani hakiondoki. Amri za mysql_, za kuongea na kanzidata, zilizokuwa ndani ya PHP ziliondolewa toleo la 7.0 lilipotoka Desemba 2015. Mifumo iliyozitegemea ikakwama kwenye PHP 5.6, ambayo iliacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa 2018. JavaFX, ya kuchora skrini za programu, ilitolewa nje ya Java kuanzia toleo la 11 mwaka 2018. Moduli ya cgi ya Python iliondolewa katika toleo la 3.13, Oktoba 2024. Tofauti yake na pakeji za mtaani ni kwamba lugha hutoa onyo miaka kadhaa kabla. Amri za mysql_ zilitangazwa kuwa za kuachwa mwaka 2013. Aliyekuwa akisoma maonyo alikuwa na muda wa kutosha.

Sasa za watu wengine, ambazo kwa mfumo wa ukubwa wa SACCOS ndizo ninazozipendekeza kwa mwili mkubwa wa kazi. Jambo la kwanza kuuliza ni namba ya toleo na tarehe yake ya kufa. Kila toleo kuu la Laravel hupata marekebisho ya hitilafu kwa miezi 18 na ya usalama kwa miaka miwili. Laravel 10 ilitoka Februari 2023, hivyo ulinzi wake ulikwisha Februari 2025. Mzabuni anayewaletea leo mfumo wa Laravel 10 na kuuita mpya anawauzia kitu ambacho hakizibwi tena mashimo. Django ina matoleo ya muda mrefu yanayotunzwa miaka mitatu, 5.2 ilitoka Aprili 2025 na itatunzwa mpaka Aprili 2028. Kwa chama kisicho na mtaalamu wa kudumu naona Django inawapa pumzi zaidi, lakini Moshi na Arusha watu wa PHP ni rahisi zaidi kuwapata, na hilo nalo lina uzito. Fremuweki bora ambayo hamwezi kumpata mtu wa kuifungua haiwasaidii.

Kuna matoleo ambayo kuhamia kwake ni kuandika upya. CodeIgniter 3 kwenda CodeIgniter 4, iliyotoka 2020, ni hivyo: mpangilio wa folda, majina ya madarasa, namna ya kuita kanzidata, vyote vimebadilika. AngularJS na Angular iliyoifuata mwaka 2016 ni vivyo hivyo, na ile ya zamani Google waliacha kuitunza mwisho wa 2021. Kama mfumo wenu umo katika hizi mbili za zamani, mkiambiwa kusasisha ni kazi ya siku mbili, mwombeni anayesema hivyo aandike kwa barua.

Fremuweki ya nje haiji peke yake. Inakuja na ukoo wake, yaani pakeji nyingine inazozitegemea. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa pakeji yake inayoitwa left-pad kwenye npm, ghala la pakeji za JavaScript. Ilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo. Desemba 2021 shimo la Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, liliwakuta watu ambao hawakujua hata kwamba maktaba hiyo imo ndani ya mifumo yao, kwa kuwa iliingizwa na pakeji nyingine. Kinga yake ni kazi ya kawaida ya mikono. Faili la composer.lock (kwa PHP) au package-lock.json (kwa JavaScript) liwe pamoja na msimbo, kwa maana ndilo linalotaja toleo halisi la kila pakeji. Kwenye seva itumike composer install au npm ci, ambazo hufuata faili hilo. Kuendesha composer update kwenye seva inayofanya kazi ni kuingiza matoleo ambayo hayajajaribiwa wakati wanachama wamepanga foleni dirishani. Na kila mwezi mtu aendeshe composer audit, npm audit au pip-audit, zinazotaja pakeji zenye mashimo yanayojulikana, alete matokeo kwa barua pepe. Kuyatafsiri ni kazi ya mtaalamu, lakini meneja yeyote anaweza kuona kama orodha inapungua au inaongezeka.

Kosa lililozoeleka zaidi kwenye seva za kukodi za bei nafuu ni hili. Laravel hutaka kivinjari kifike kwenye folda ya public peke yake. Fundi asiyejua, au aliyenyimwa ruhusa ya kubadilisha, anamwaga mradi mzima ndani ya public_html, folda ambayo yeyote mtandaoni huifikia. Hapo faili la .env, lenye nywila ya kanzidata na funguo za SMS na malipo, linaweza kusomwa na yeyote anayeandika anwani yake. Jaribuni wenyewe: andikeni anwani ya mfumo wenu, mkwaju (/), kisha .env. Mkiona maandishi badala ya kosa, badilisheni nywila zote siku hiyohiyo, kisha hamisheni mradi nje ya folda ya wazi. Angalieni pia mpangilio wa APP_DEBUG ndani ya faili hilo usiwe true, kwa kuwa kosa lolote litamwonyesha mgeni vipande vya msimbo na njia za mafaili yenu.

Nafika sasa kwenye yale ambayo hakuna fremuweki itakayowafanyia, na hapa ndipo fedha za wanachama hupotelea. Aina ya safu ya fedha kwenye kanzidata isiwe FLOAT, aina inayohifadhi namba kwa kukadiria. FLOAT ya biti 32 inashika namba nzima zote mpaka 16,777,216 tu. Sh16,777,217 haiwezi kuishika, itaiandika pungufu ya shilingi moja. Kwa nchi ambayo bei huandikwa kwa dola huenda isionekane haraka, lakini kwa shilingi yetu milioni 16 ni mkopo wa kawaida. Tumieni DECIMAL(15,2), inayoshika senti kamili, au namba nzima ya BIGINT. Hesabu za riba nazo zifanyike kwa kanuni moja ya kukata senti, iliyoandikwa, itumike kila mahali. Pasipo hivyo jumla ya marejesho na jumla ya leja zitaachana, na mkaguzi atawauliza tofauti hiyo imetoka wapi.

Kisha madirisha mawili. Mwanachama ana Sh300,000. Karani wa kwanza na wa pili wanasoma salio kwa wakati mmoja, kila mmoja anaidhinisha Sh200,000, kila mmoja anaandika salio jipya la Sh100,000. Zimetoka Sh400,000 na leja haina habari. Dawa ni kufunga mstari wa akaunti hiyo kwa SELECT ... FOR UPDATE, karani wa pili asubiri, ndani ya muamala wa kanzidata (kundi la amri zinazofanikiwa zote au kufutwa zote), na majedwali yawe ya aina ya InnoDB, inayojua miamala hiyo. Mifumo mikongwe bado ina majedwali ya MyISAM, ambayo hayajui muamala kabisa: amri ya kurudisha nyuma haileti kosa, lakini hairudishi kitu.

Taarifa za malipo ya simu nazo zaweza kuletwa mara mbili, intaneti ikikatika kabla seva haijajibu. Namba ya malipo iwekewe UNIQUE, amri inayokataza kurudiwa, kwenye kanzidata yenyewe, ili ya pili ikataliwe hata kama msimbo umesahau. Na saa: Laravel huja ikiwa imewekwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo akiba iliyowekwa saa nne asubuhi itatoka kwenye risiti kama saa moja, na kazi ya usiku wa manane ya kupiga riba itaendeshwa saa tisa usiku. Hifadhini kwa UTC mkitaka, lakini kuonyesha na kupanga ratiba kuwe Africa/Dar_es_Salaam.

Msimbo wa kujiandikia nao una nafasi yake halisi: kanuni zenu. Namna AMCOS inavyogawa malipo ya awali na malipo ya pili baada ya mnada wa kahawa, makato ya pembejeo, dhamana ya wadhamini watatu, riba inayopungua kadiri deni linavyopungua. Hakuna mtu nje anayeyajua kuliko ninyi. Sehemu hiyo iandikwe kwa lugha tupu, isiitegemee fremuweki, na iwe na majaribio yanayoweza kuendeshwa bila kufungua kivinjari: mkopo wa Sh2,000,000 wa miezi 12, riba kadhaa, marejesho ya mwezi wa saba yawe kiasi gani? Fremuweki ikibadilishwa baadaye, kanuni zinahama zikiwa nzima. Vivyo hivyo kwa SMS na malipo: darasa moja dogo la kwenu, yaani kipande kimoja cha msimbo, ndilo liongee na mtoa huduma. Msimbo wake ukisambazwa kwenye kurasa 40, kubadili mtoa huduma kutakuwa kazi ya kugusa kurasa 40.

Kwa programu za simu nitasema kidogo. Google Play huongeza kila mwaka kiwango cha Android ambacho programu lazima ilenge; tangu 31 Agosti 2025 programu mpya na masasisho lazima zilenge Android 15. Hivyo programu ya simu ina gharama kila mwaka hata msipoongeza kitu. Mkitumia Flutter, hesabuni pakeji za nje mlizoongeza, kwani moja iliyotelekezwa inaweza kuzuia sasisho zima. Na kama kazi ni mwanachama wa Uru au Kibosho kuangalia salio, ukurasa mwepesi wa wavuti unatosha, na bando lake litamshukuru.

Leseni nazipitia kwa haraka: Laravel ni MIT, Django na Flutter ni BSD, hazina matata kwa matumizi yenu. Pakeji yenye leseni ya AGPL mkiibadilisha na kuitumia mtandaoni mnawajibika kuwapa watumiaji msimbo wake, basi mjue kabla.

Kabla ya saini mwambieni mzabuni ajenge kipande kimoja kamili badala ya maonyesho ya picha: mwanachama anaingia, anaweka Sh10,000, risiti inachapwa, SMS inakwenda. Kiwekwe kwenye seva ileile mtakayolipia, maana seva nyingi za kukodi haziruhusu kazi za nyuma zinazoendelea muda wote, na SMS zitakwama kwenye foleni. Katikati ya kuweka fedha, chomoeni waya wa intaneti na mwangalie leja. Kisha mpeni fundi mwingine, asiye wa mzabuni, msimbo na maelezo ya kuusimamisha kwenye kompyuta tupu. Akishindwa kwa siku nzima, hata fremuweki ikiwa maarufu namna gani, mfumo huo ni wa mtu mmoja. Mkumbuke pia kwamba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 anayeulizwa taarifa za wanachama zikivuja ni chama chenyewe. Waandishi wa Laravel hawatakuja kuwajibia.

Na walio na mfumo wa zamani wa kujiandikia wasikubali kuambiwa waufute wote na kuanza upya. Kazi hiyo humaliza fedha kabla haijafika kwenye mikopo. Anzeni na kanzidata: nakala ya akiba, kisha majedwali yageuzwe InnoDB na safu za fedha DECIMAL. Amri za mysql_ zibadilishwe kuwa PDO, ukurasa baada ya ukurasa, kuanzia ule wa kuingia. Kurasa mpya ziandikwe kwenye fremuweki mpya, pembeni, zikisoma kanzidata hiyohiyo. Nywila zilizohifadhiwa kwa md5, njia ya zamani ya kuzificha, hazihitaji kila mwanachama aitwe ofisini: chukueni kila md5 iliyopo, ipitisheni kwenye password_hash, na wakati wa kuingia mfumo ufanye hatua zote mbili kabla ya kulinganisha. Mwanachama akishaingia, nywila yake ihifadhiwe upya moja kwa moja, bila md5. Ila kabla ya hapo panueni safu ya nywila iwe VARCHAR(255), yaani nafasi ya herufi 255. Nyingi ziliwekwa herufi 32 kwa ajili ya md5, na matokeo ya bcrypt, njia inayotumiwa na password_hash, ni herufi 60. Kanzidata isiyowekewa ukaguzi mkali itayakata kimyakimya, na asubuhi yake hakuna mwanachama hata mmoja atakayeweza kuingia.

Mtengeneza mifumo,
Rau, Moshi